Rekodi za Baruti: Silaha Kongwe za Unguja na Bastola Isiyouzwa

Marekani, jeshi likishaacha kutumia bastola, wakati mwingine raia anaweza kuinunua. Tangu 2018 shirika la Civilian Marksmanship Program limekuwa likiuza bastola za M1911 zilizotolewa kwenye maghala ya jeshi, zisizozidi 10,000 kwa mwaka. Mnunuzi hutuma fomu zake kwa posta, huchunguzwa kama ana rekodi ya jinai, kisha hupangiwa zamu kwa bahati nasibu. Zamu ikifika huchagua daraja la bastola kwa kadiri ilivyochakaa, hulipa karibu dola elfu moja, na chuma kilichokaa kiunoni mwa askari kinahamia kwenye kabati lake la kioo.

Mtu wa Unguja akiutamani mtumba huo wa jeshi hana pa kuanzia. Jeshi la Tanzania, JWTZ, halina mnada wa kuuzia raia bastola zilizostaafu, na polisi hawatoi leseni ya pambo la sebuleni. Lakini kwa habari za silaha kongwe, kisiwa hiki kina rekodi ambazo mkusanyaji wa Texas angezionea wivu. Tumezikusanya hapa, kuanzia vita vifupi kuliko vyote hadi bastola ghali kuliko zote. Ukizipanga pamoja utaona kwamba silaha zilizobaki hadharani Unguja ni zile kubwa, zisizobebeka. Ndogo, ya kuficha chini ya koti, mwenye nchi hajawahi kuiachia kirahisi.

Vita vifupi zaidi

Kila mtembeza wageni wa Mji Mkongwe anaijua hii kwa kichwa. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na siku ileile Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza mrithi. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda hadi saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kutoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilifungua moto, na ilipofika saa tatu na dakika arobaini mizinga ilinyamaza. Dakika 38. Wapo wanaohesabu hadi 45, lakini hata kwa hesabu hiyo hakuna vita vingine vinavyovikaribia, na vitabu vya rekodi vya Guinness vimevitambua hivyo.

Anayependa silaha aangalie zile za upande wa Khalid. Mbele ya kasri zilipangwa bombomu kadhaa za Maxim, Gatling moja, mizinga miwili ya ratili 12, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Ile ya ratili 12 ilikuwa zawadi ya Kaisari Wilhelm wa Ujerumani kwa Sultani. Risasi ya mwanzo ya manowari Thrush iliung'oa mmoja wake kwenye gari lake. Baharini ilikuwepo HHS Glasgow, meli ya kifalme iliyojengwa na William Denny na nduguze huko Dumbarton, Scotland, mwaka 1878. Ilikuwa na mizinga saba ya ratili tisa ya kushindilia mdomoni, pamoja na Gatling ya mitutu tisa iliyotolewa zawadi na Malkia Victoria. Glasgow iliifyatulia St George, manowari ya Admirali Harry Rawson, ikajibiwa, na kabla ya saa tano ilikuwa imekaa chini bandarini. Milingoti yake mitatu tu ndiyo iliyobaki juu ya maji, na ikaonekana hivyo kwa miaka mingi, hadi mabaki yalipokatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu mwaka 1912.

Silaha nyingi za upande wa Sultani asubuhi ile zilikuwa za heshima, zilizoletwa kwa salamu na barua zenye mihuri, na kazi yake kubwa ilikuwa kupokea wageni kwa mizinga ya salamu. Zilipotakiwa kupigana kweli hazikumaliza saa. Meli za Kiingereza zilirusha makombora yapatayo 500 na risasi za bombomu 4,100. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na Waingereza walijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, na baada ya miaka ya uhamisho akafia Mombasa mwaka 1927.

Mizinga iliyobadili mikono mingi zaidi

Nje ya mlango wa Beit al-Ajaib, jengo alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, kumekaa kwa miaka mingi mizinga miwili mikubwa ya shaba. Watalii wamekuwa wakiipanda na kupigwa picha, watoto wakiitelezea. Ukiinama ukaipapasa utakuta nembo ya Kireno iliyotokeza kwenye shaba, na maandishi ya Kiajemi yaliyochongwa baadaye. Historia yake yote imo katika alama hizo mbili.

Ilitengenezwa kwa ajili ya Wareno, inakisiwa katika karne ya 16, walipokuwa wakishika bandari za Bahari ya Hindi moja baada ya nyingine. Mwaka 1622 Waajemi, wakisaidiwa na meli za Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi, waliwang'oa Wareno katika kisiwa cha Hormuz, na mizinga inasadikiwa ikawa ngawira. Kisha ikawafikia Waomani, na kwa mkono wao ikavuka bahari hadi Unguja. Mreno, Mwajemi, Mwomani, kisha serikali ya Mapinduzi: mabwana wanne, na hakuna aliyeiyeyusha. Wakusanyaji wa bastola hulipa nyongeza kwa kipande chenye hati zinazoonyesha kilipita kwa nani na nani. Mizinga hii hati yake imechongwa mgongoni.

Jirani yake, Ngome Kongwe, ina rekodi ya umri: ndilo jengo kongwe zaidi Mji Mkongwe. Waomani walianza kulijenga mara tu baada ya kuwafukuza Wareno Ngome ya Yesu, Mombasa, Desemba 1698, juu ya mabaki ya kanisa la hao hao Wareno. Beit al-Ajaib lenyewe, jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti, halikuwa na bahati hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka na kuua watu wawili.

Zawadi kubwa zaidi ya silaha

Wakubwa wa zamani walipeana silaha kama watu wa leo wanavyopeana saa za mkononi. Aliyewashinda wote ni Sultani wa Unguja, Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1836 alimpa Mfalme William wa Nne wa Uingereza manowari nzima: Liverpool, meli ya daraja la mizinga 74, iliyoshushwa majini Bombay mwaka 1826. Waingereza waliipa jina jipya, Imaum, kwa heshima ya aliyeitoa, na ikamalizia maisha yake Jamaica. Naye Said alipelekewa jahazi la kifahari lililoitwa Prince Regent. Kwa hesabu ya mbao na mizinga, Said ndiye aliyetoa zaidi.

Zawadi inayomgusa mpenzi wa bastola ilikuja kwa njia nyingine. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Said, Sultana, ilitia nanga New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikiwa na karafuu, pembe, ngozi, kahawa na tende. Ilikuwa meli ya kwanza ya Kiarabu kupeleka mjumbe Marekani. Wamarekani waliifanyia matengenezo kwa gharama yao, na ilipogeuza tanga kurudi Unguja ilibeba zawadi za serikali kwa Seyyid, zikiwemo silaha za kurudia za Samuel Colt. Colt alikuwa amepata hataza yake ya Marekani mwaka 1836 tu. Jeshi la nchi yake mwenyewe lilikuwa bado halijaamua kama linaitaka bastola inayopiga mara kadhaa bila kushindiliwa upya. Uvumbuzi huo, basi, ulifika barazani kwa Seyyid Said ungali mpya kabisa.

Soko kubwa zaidi

Ukiuliza ni lini silaha za jeshi zilizostaafu ziliuzwa kwa wingi zaidi Afrika Mashariki, jibu ni miaka ya 1880, na duka lilikuwa Unguja. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua za kufungulia nyuma. Kila jeshi moja lilipobadili, maelfu ya magobori yalitoka ghalani kwa bei ya kutupa. Wafanyabiashara waliyapakia kwenye marobota na kuyaleta huku. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka kupitia Zanzibar na pwani yake. Kutoka hapo zilifuata njia za misafara hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo.

Biashara ya mtumba wa jeshi, ambayo kwa Mmarekani wa leo ni starehe ya mwisho wa wiki, huku ililipiwa kwa damu. Mzee wa Bara aliyeona gobori la kwanza kijijini kwake hakulitundika ukutani.

Mwaka mmoja kabla ya hesabu ya Euan-Smith, Februari 1887, Henry Morton Stanley alipita Unguja akielekea kumtafuta gavana Emin Pasha. Alikaa siku chache tu, akamchukua mfanyabiashara Tippu Tip, na kuondoka na meli Madura kuzunguka hadi mdomo wa Kongo. Katika mizigo yake zilikuwemo Remington 510, Winchester 50, na bombomu moja aliyopewa na mvumbuzi wake, Hiram Maxim. Ilikuwa miongoni mwa Maxim za mwanzo kabisa kuletwa Afrika. Miaka tisa baadaye aina hiyo ilikuwa imepangwa mbele ya kasri la Unguja.

Silaha zilizofanya kazi nyingi zaidi baada ya kuzama

Tarehe 20 Septemba 1914, baada ya saa kumi na moja alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea nje ya bandari ya Zanzibar. Ndani ilikuwepo Pegasus ya Waingereza, meli iliyozeeka, imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5 inayofika mbali. Pegasus ilikuwa na minane ya inchi nne, na haikuifikia. Makombora yake yote yaliangukia majini kabla ya shabaha. Mabaharia 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa. Baadhi yao wamelala katika makaburi ya kisiwa cha Chapwani, mwendo mfupi wa boti kutoka Mji Mkongwe, na wazamiaji huteremka mpaka leo kuangalia kilichosalia cha meli.

Habari ya kushangaza ni yaliyofuata. Mizinga kadhaa ya Pegasus iliopolewa, ikatiwa magurudumu, na kupelekwa bara kupigana nchi kavu. Königsberg nayo ilikimbilia delta ya Rufiji, ikazingirwa, na tarehe 11 Julai 1915 ikaharibiwa kwa mizinga ya meli Severn na Mersey hadi nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi, wakaitengenezea magari katika karakana ya Dar es Salaam, na jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck, likaiburuta vitani. Waliokuwa wakiivuta hasa walikuwa wapagazi, kwa kamba na mabega, katika matope na malaria. Manowari mbili zilizopigana kwa dakika chache Unguja ziliendelea kupigana kwa njia hiyo porini, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Leo mzinga wa Pegasus na wa Königsberg iko pamoja Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwingine wa Königsberg uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali ya Union Buildings.

Bastola zilizokaa kazini muda mrefu zaidi

Sasa tuje kwenye chuma kidogo. Bastola ya mzunguko ya Webley ilipitishwa rasmi na jeshi la Uingereza mwaka 1887, ikabadilishwabadilishwa umbo na ukubwa wa risasi, na ikaondolewa kazini 1963. Ni miaka 76. Ilianza kabla ya Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, na ilistaafu mwaka uleule Zanzibar ilipopata uhuru, Desemba 1963. M1911 ya Wamarekani, ile inayouzwa kwa bahati nasibu, iliipungukia kidogo: 1911 hadi 1985, miaka 74.

Webley ya toleo la sita, iliyopitishwa 1915, inapita kilo moja ikiwa tupu. Ukisukuma wenzo ulio ubavuni inakatika katikati kama bunduki ya kuwindia ndege: mtutu unainama mbele, na maganda yote sita yanasukumwa nje kwa pamoja. Chini ya mpini kuna pete ya kufungia kamba ya shingoni, ili ofisa asiipoteze akiwa juu ya farasi au ndani ya mashua. Kwenye chuma umegongwa mshale mdogo, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Alama ya pili, ya kuonyesha imetolewa kazini na kuuzwa, ndiyo mkusanyaji anayoitafuta kwanza, maana isiyo nayo huenda iliibwa.

Wajerumani walikuwa na Luger. Jeshi lao la majini liliipitisha mwaka 1904, miaka minne kabla ya jeshi la nchi kavu. Kinachoifanya Luger ipendwe na wakusanyaji ni namba. Kiwandani, tarakimu za mwisho za namba ya bastola ziligongwa kwenye vipande vyake vidogo, kimoja kimoja. Mnunuzi mzoefu huifungua na kusoma. Namba zikilingana zote, bei inapanda. Kipande kimoja kikiwa cha bastola nyingine, inashuka. Aliyeisugua na kuipaka rangi mpya ili ing'are ameiharibu zaidi ya kutu. Naye Mauser alianza kutoa C96 yake, yenye mpini wa duara kama wa ufagio, mwaka 1896, mwaka uleule wa vita vya dakika 38.

Bastola ghali zaidi

Katika mnada wa hadhara, rekodi inashikiliwa na bastola isiyo na urembo wowote. Ni Colt ambayo Sherifu Pat Garrett alimpigia risasi jambazi Billy the Kid mwaka 1881. Bonhams waliiuza Los Angeles Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni sita. Julai 2024 bastola mbili za Napoleon, ambazo inasemekana alitaka kujiulia mwaka 1814, ziliuzwa Ufaransa kwa euro milioni 1.69, na serikali ya Ufaransa ikazitangaza hazina ya taifa zisihamishwe nje ya nchi moja kwa moja. Ya Garrett ni chuma cha kawaida. Pesa zililipwa kwa hadithi na kwa hati za kuithibitisha.

Uingereza, ambako Wazanzibari wengi wameishi tangu 1964, njia ya mkusanyaji ni nyembamba zaidi. Baada ya mauaji ya watoto wa shule Dunblane mwaka 1996, bastola zilipigwa marufuku 1997, na watu walisalimisha zaidi ya 160,000. Ukaachwa mlango mdogo: mwenye cheti anaweza kukaa na bastola ya kihistoria iliyotengenezwa kabla ya 1919, bila risasi zake. Webley ya 1916 inapita. Ya 1940 haipiti.

Ghala lililobadili nchi kwa usiku mmoja

Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, watu mia kadhaa, wengi wao wakiwa na mapanga, mikuki na pinde, walivamia makao ya polisi Ziwani na kambi ya Mtoni. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa chumba cha silaha. Kilipofunguka, mambo yalikwisha. Sultani Jamshid bin Abdullah aliondoka na meli Seyyid Khalifa, akaishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, na kufariki Oman mwaka 2024. Miaka minane baada ya Mapinduzi, tarehe 7 Aprili 1972, Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, akiwa katika makao makuu ya chama chake. Nchi iliyopitia usiku ule na jioni ile haiwezi kuiona bastola kuwa kitu cha kuchezea.

Sheria kongwe zaidi

Watu hudhani ukali wa Unguja juu ya bunduki ulianza baada ya Mapinduzi. Ni wa zamani zaidi. Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mjumbe Edmund Roberts akaupeleka kwao. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa zao zote kwa uhuru, isipokuwa bunduki, baruti na risasi: katika kisiwa cha Unguja hizo ziuzwe kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine za Sultani ziliweza kuuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Said alijua anachofanya. Bunduki zikienda Bara zilimletea pembe. Zikibaki Unguja zingeweza kumwondoa kitini.

Baadaye ulikuja Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890, uliobana uingizaji wa silaha katika ukanda mpana wa Afrika. Siku hizi polisi ni jambo la Muungano, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ndiyo inayosimamia leseni Tanzania. Raia anaweza kuomba bastola, lakini kwa sababu anayoieleza na kuthibitisha, si kwa kuwa anapenda historia. Mwaka 2016 nchi nzima iliitwa kuhakiki silaha, mwenye leseni akaja nayo mkononi ikasomwa namba. Juu ya hiyo kuna Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayozitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zisiruhusu raia kuwa na bunduki za kivita, na zilinde au kuziharibu silaha zilizozidi. Ndiyo maana ziada ya huku haiendi mnadani. Novemba 2016 Kenya ilichoma moto silaha 5,250 huko Ngong mbele ya kamera. Mkusanyaji wa Ulaya angelia. Mfugaji wa Turkana au Samburu, aliyekwisha kuzika ndugu kwa risasi za wizi wa mifugo, aliona moshi wa haki.

Mkusanyo wa bei nafuu zaidi

Basi mpenzi wa silaha kongwe afanye nini Unguja? Kwanza ajue asichofanya. Majumba ya zamani yana masanduku, na masanduku yana siri. Wajukuu wakifungua la babu wakakuta bastola iliyofungwa kitambaa, wasiifyatue kujaribu, wasiifute mafuta, wasiipige picha ya kutafutia mnunuzi WhatsApp, na wasiibebe kwenye dala dala kwenda nayo kituoni. Waiache ilipo, wamwambie sheha, polisi waitwe waje. Risasi za miaka mingi zilizolala kwenye joto na chumvi ya pwani haziaminiki. Serikali imewahi kutoa miezi ya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Nje ya miezi hiyo, anayeripoti mwenyewe siku aliyoikuta yuko mahali pazuri kuliko anayekutwa nayo.

Pili, kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe majambia na panga za Kiomani zinauzwa, na wakati mwingine bastola za kuigiza zenye mpini wa mbao na madoido ya shaba. Ya kuigiza nayo si ya kuweka kwenye mkoba wa kupandia ndege. Wakaguzi wa uwanja wa Abeid Amani Karume watakutoa kwenye foleni ukaeleze.

Tatu, atembee. Mizinga ya Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, Jumba la Makumbusho la Mizingani lililoinuka mahali pa kasri lililopigwa 1896, Beit el-Amani ya Mnazi Mmoja iliyofunguliwa 1925 kwa ukumbusho wa amani baada ya vita, na makaburi ya Chapwani: vyote vinazungukika kwa siku mbili, na nauli kubwa zaidi ni ya boti. Abebe daftari. Katika kila kimoja aandike nani alikilipia, nani alikitoa zawadi, na nani alikitwaa kwa nguvu. Hayo ndiyo maswali mkusanyaji wa kweli anayoyauliza hata akiwa na Luger yenye namba zinazolingana, na Unguja majibu yake hayahitaji leseni.